Mshenga, Viazi Baridi na Vipande Viwili vya Mti

Kwa muda mrefu, kijana wa mtaa wa Mlandege aliyetaka kuoa mbali na Iringa alianza kwa kumtafuta Vitus Kalinga. Hakutafutwa kwa ufasaha. Kalinga huongea taratibu, macho chini, kama mtu anayekagua ubao kama umepinda, na kukagua mbao ndiyo kazi yake, kwenye kibanda chake kando ya barabara. Alitafutwa kwa sababu ya tumbo lake.

Ushenga, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kula. Maneno kila mtu anayo, na mengi husahaulika kabla wageni hawajafika stendi. Kinachokumbukwa ni sahani. Ukweni humtazama mgeni anavyokula: akichagua nyama ana dharau, akibakiza ana siri, akikataa anadhani ametiliwa kitu. Kalinga hakuwahi kuchagua, kubakiza wala kukataa. Alikula kande zilizolala, alikula utumbo uliooshwa kwa haraka, na safari moja huko Njombe alikula mboga ambayo mpaka leo hajui ilikuwa nini. Akasifu, akaongezewa, akala tena. Ndoa ile ina watoto wakubwa sasa.

Kisha kifua kikaanza kuwaka.

Ilikuwa baada ya posa moja ya Igowole, iliyoisha kwa nguruwe wa kukaanga na pilipili za kutosha. Kalinga aliinama kufunga kamba za viatu, maji machungu yakampanda mpaka kooni. Kuanzia hapo kila mlo ulimrudia na moto wake. Majirani walikuja na tiba. Mmoja alileta maji ya magadi, mwingine mkaa wa kusaga. Wa tatu alisema anywe maziwa baridi, na maziwa yalizima moto kwa muda ule ule wa kumalizia kikombe. Hatimaye mkewe, Yusta, mzee wa kanisa na mtu asiyependa majaribio, alimpeleka hospitali.

Daktari alisema ni kiungulia cha kudumu: asidi inayopaswa kukaa tumboni inapanda juu. Akaandika vidonge, kisha akasema vidonge ni sehemu tu ya kazi, nyingine iko kwenye sahani.

"Nyanya punguza sana. Pilipili acha. Mafuta mengi, kahawa, chai kali, soda, machungwa, kaa navyo mbali. Kula kidogo kidogo. Ukishakula usilale, kaa wima kwanza. Na kitanda kiinue upande wa kichwa, uweke kitu chini ya matendegu. Mito haitoshi."

"Sasa kinabaki nini, daktari?"

"Viazi. Ndizi. Uji. Mboga za kuchemsha. Kuku asiye na ngozi. Vipo vingi."

Daktari aliongeza kuwa kila mgonjwa ana vyakula vyake vinavyomchokoza, hivyo Kalinga ajichunguze ajue vya kwake. Sehemu hiyo Yusta aliisikia, akaiona ni mlango wa nyuma, akaufunga. Nyumbani kwake kila kilichotajwa kilipigwa marufuku siku hiyo hiyo. Chumvi daktari hakuitaja kabisa. Yusta aliiondoa kwa hiari yake.

"Kwa usalama," alisema.

Kitanda kilishughulikiwa na Kalinga mwenyewe, kwa kuwa mbao ni fani yake. Alikata vipande viwili vya mpaini vilivyolingana kabisa, akaviweka chini ya matendegu ya kichwani. Yeye alilala vizuri. Yusta, ambaye hana kiungulia, aliamka miguuni mwa kitanda. Alivumilia, kisha akachukua nyundo akapigilia ubao wa kuwazuia wote wawili, na tangu hapo wanalala kama shehena kwenye lori linalopanda mlima Kitonga.

Posa zote zilizofuata Kalinga alizikataa kwa kisingizio cha kazi. Ya Dastan hakuweza.

Dastan ni mtoto wa marehemu kaka yake, mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi kule Mgololo. Alikuwa amempenda mwalimu anayeitwa Tusekile, na nyumbani kwa Tusekile ni Igawilo, pembezoni mwa Jiji la Mbeya. Baba wa binti, mzee Anyitike, alishamrudisha mchumba mmoja, na alijulikana kwa msimamo wake kuwa nyumba yake haiposwi mara mbili na watu wale wale. Kalinga ndiye baba mdogo, na mwingine hakuwepo. Akiharibu, Dastan amemkosa Tusekile moja kwa moja.

Kikao kilifanyika sebuleni kwa Kalinga. Alikuwepo Silvester, jirani na rafiki yake, ambaye angemsindikiza.

"Waambie tu unaumwa," alisema Yusta. "Ni ugonjwa, siyo dhambi."

"Mama, unataka kumzika huyo kijana?" Silvester alishtuka. "Kule wanachunguza ukoo. Baba mdogo mgonjwa, hapo hapo watauliza: na marehemu baba yake alikufa na nini? Na babu? Tutatoka pale tumeitwa ukoo wa wagonjwa."

Hakuna aliyebisha. Huku nyanda za juu, kabla binti hajatolewa, ukoo wa mwanamume hupekuliwa: kifafa, kichaa, ulevi, uvivu, mikono mirefu. Ugonjwa wa mtu anayesimama mahali pa baba hauhesabiwi kuwa wake peke yake. Dastan, aliyekuwa akisikiliza kwa simu kutoka Mgololo, alipaza sauti.

"Baba mdogo, si ule tu siku moja jamani?"

"Siku moja ndiyo ilimlaza chini kule Igowole," alijibu Yusta kwa niaba ya mumewe. "Atakwenda na chakula chake. Atajiiba pembeni, atakula."

Iliamuliwa hivyo: kiungulia kisitajwe. Silvester angebeba begi la posa, lenye blanketi, vitenge na sukari. Kalinga angebeba kibegi chake, ambamo Yusta aliweka hotpoti ya viazi vya kuchemsha na, kwa kuwa wangelala huko, vipande viwili vya mpaini.

Mpango huo ulidumu mpaka mlangoni kwa mzee Anyitike. Pale walipokelewa na Bupe, shangazi wa binti, mwanamke mrefu mwenye mikono mepesi.

"Karibuni, karibuni wageni, poleni na safari," alisema, na kabla hawajajibu alikuwa ameshawapokea mabegi yote mawili, kama mila inavyotaka, na kutokomea nayo ndani. Kumnyang'anya mwenyeji mzigo ni ugomvi. Kalinga aliutazama mlango ule kama mtu aliyesahau mtoto kwenye basi.

Sebuleni walikaa wazee wa ukoo. Msemaji wao alikuwa Jailos, mdogo wake Anyitike, mtu mnene mwenye sauti ya mnadani.

"Kamwene!" aliwasalimu kwa Kihehe, kwa mbwembwe.

"Kamwene, mzee."

"Basi. Kihehe changu kimeishia hapo. Tuleni."

Vyakula viliingia: ndizi zilizopikwa na nyama, nyekundu kwa nyanya, kuku anayeogelea kwenye mafuta, bakuli la pilipili, chai ya tangawizi, na soda za machungwa kwa asiyetaka chai. Silvester alijipakulia bila kusita. Kalinga alichukua kipande kimoja cha ndizi, akakiweka katikati ya sahani, akakitazama.

"Kula, mzee wangu," alisema Jailos.

"Nimeshiba kwa furaha ya kuwaona."

"Furaha haina mifupa. Kula."

"Nakula taratibu."

Mila nyingine ya huku ni kwamba mgeni akisita, mwenyeji huonja kwanza, ili ijulikane chakula ni safi. Jailos alichota ndizi, akatafuna huku mdomo ukionekana, akameza. Kalinga akatabasamu na asile. Basi mzee Anyitike mwenyewe, aliyekuwa hajasema neno, akachukua paja la kuku, akaonja mpaka kwenye mfupa. Kalinga akashukuru na asile. Akaitwa jirani, Ezron, mtu asiye wa ukoo na asiye na sababu ya kuua mtu yeyote, naye akaonja kwa uangalifu mkubwa, vyakula vyote, pamoja na soda. Wakafuata wazee wengine mmoja mmoja. Uaminifu ulivyozidi kuthibitishwa ndivyo sufuria ilivyozidi kuonekana chini. Kuku alipobaki shingo, Jailos alijifuta midomo, akamwita mgeni kwa jina la utani la Wahehe.

"Mnyalukolo, mimi nilisikia kwenu hamchaguagi nyama. Hata ile inayobweka."

Wazee walicheka. Silvester alicheka kupita kiasi. Kalinga alicheka pia, jasho likimtoka, na hapo ndipo Bupe alipoingia na sinia lililofunikwa kwa kitambaa cheupe. Nyuma yake walikuja wanawake wengine, nyuso zimekazwa.

"Kaka," alimwambia Anyitike, "blanketi tumeliona, vitenge tumeviona, sukari tumeiona. Hatuna neno. Lakini kuna hiki."

Akaondoa kitambaa. Juu ya sinia ilikuwepo hotpoti ya Yusta, wazi, na kando yake vipande viwili vya mpaini.

Katika posa hakuna kitu kinachobebwa bure. Wageni husema wameona ua, wenyeji huuliza ua gani. Jembe lina maana yake, blanketi lina maana yake. Haikumwingia yeyote ndani ya nyumba ile kwamba mtu anaweza kusafiri kutoka Iringa mpaka Mbeya na viazi kwa sababu tu anataka kuvila.

"Viazi," alisema Jailos, akitazama ndani.

"Vya baridi," alisema Bupe. "Na havina chumvi. Tumeonja wote kule ndani. Kuna wanaosema mnatuambia binti yetu hana ladha. Mimi sijasema. Mimi nauliza."

Silvester aliacha kutafuna. Kalinga anasimulia kwamba aliona mambo mawili kwa wakati mmoja: uso wa Dastan, na mlango wa kutokea. Akachagua kujibu kwa namna alivyozoea, taratibu, macho chini.

"Shangazi umeuliza vizuri. Kiazi hicho ni sisi. Ni kijana wetu. Amekomaa, ameiva, lakini amepoa, hana ladha. Tumekuja kwenu kuomba chumvi."

Mzee mmoja pembeni akapiga kofi pajani.

"Eee! Kiazi kinaomba chumvi!"

"Wanaongea hawa watu," alisema Ezron, akiwa hajaulizwa.

Bupe hakucheka, ila mabega yalishuka. Akainua kipande cha mpaini.

"Na mti huu?"

Silvester alipaliwa, akapigwa mgongoni.

"Hiyo ni nyumba," alisema Kalinga. "Nyumba inaanza na mti."

"Nyumba ina pembe nne," alisema Jailos. "Naona vipande viwili."

"Viwili ni vya upande wetu, mzee. Nyumba ya mtu na mkewe haijengwi na ukoo mmoja."

Ndipo mzee Anyitike aliposimama. Alitoka nje, ikasikika sauti ya msumeno, na aliporudi alikuwa na vipande viwili vya mparachichi, vilivyopinda kidogo, akavipanga kwenye sinia pamoja na vile vya mpaini. Bupe alileta chumvi kwenye kisosi, akainyunyizia viazi mwenyewe, na kila mtu akapewa kipande. Kalinga alikula kwa hamu iliyowagusa wenyeji. Walidhani ni heshima kwa chumvi yao. Ukweli ni kwamba hakuwa ameionja tangu aende kwa daktari, na kiazi chenye chumvi kilimtoa machozi.

Mazungumzo yakaahirishwa mpaka asubuhi, wenyeji wakiwa wameridhika. Mgeni akapelekwa chumba cha kulala. Huko alikuta heshima ya mwisho: kitanda kimeinuliwa juu ya vipande vyote vinne, mpaini kichwani, mparachichi miguuni. Kilikuwa kirefu kiasi cha kupandiwa kwa kigoda. Kilikuwa pia sawasawa kama meza.

Kalinga alijilaza. Ndizi hakuwa amekula, lakini alikuwa amemeza chai kidogo ya kuwaridhisha, na chai ya tangawizi haikumsamehe. Moto ulipofika kooni, aliteremka, akainua upande wa miguuni, akavitoa vipande vya mparachichi, akavisukumia ukutani. Akalala mteremko, akalala vizuri.

Asubuhi Bupe aliingia kufagia wakati mgeni akinawa uso nje. Kalinga aliporudi sebuleni aliwakuta wazee wamekaa, hakuna chai mezani, na vipande viwili vya mparachichi viko katikati ya sakafu.

"Tulikupa pembe zetu mbili," alisema Jailos, safari hii kwa sauti ya chini, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. "Umezitupa ukutani. Za kwenu umezilalia. Tuelewe nini?"

Kalinga alitafuta maana. Anasema kwa mara ya kwanza katika ushenga wake hakuiona. Alimtazama Silvester. Silvester aliutazama mparachichi kama anayefikiria kuununua.

"Mzee Anyitike," alisema Kalinga, "mimi nina kiungulia."

Akaendelea. Alisema vyote: nyanya, pilipili, magadi, mkaa, daktari, kitanda, Yusta na nyundo yake. Alisema viazi vilikuwa chakula chake na mti ulikuwa wa kitanda chake. Alisema Dastan hana kosa, na kwamba marehemu kaka yake alikufa kwa ajali ya gari la magogo, siyo kwa tumbo.

"Kwa hiyo kwenye ukoo wenu kuna kiungulia," alisema Jailos.

"Kipo. Kwangu kipo."

"Na kitu kingine?"

"Sijui kingine, mzee. Hicho ndicho kinachoniunguza."

Wazee walisogeleana. Walinong'ona kwa Kinyakyusa kwa muda mrefu, na Kalinga, ambaye lugha hiyo haijui, alianza kukunja koti lake. Kisha mzee Anyitike akaongea, na kwa kuwa alikuwa hajaongea tangu jana, kila mtu alimgeukia.

"Mkwe, kaa. Huyu Jailos tulimtuma Mlandege kuwachunguza. Aliuliza sokoni, aliuliza kanisani. Alirudi akasema hawa watu hawana kasoro yoyote. Mimi sikulala. Kila ukoo una ugonjwa wake. Ule usioonekana ndio wa kuogopa. Nilijiuliza, hawa wanaficha nini? Wazimu? Ukoma? Jana unakataa kula, nikasema, kweli, ni kitu kikubwa." Akavuta pumzi. "Kumbe kiungulia!"

"Kiungulia tu!" alisema Bupe, akacheka kwa mara ya kwanza.

"Sasa tumewajua," alisema Anyitike. "Binti yupo."

Mahari ilijadiliwa kwa muda mfupi. Kilichochukua asubuhi nzima ni chakula cha mchana, kwa sababu mkwe hawezi kuondoka bila kula, na sasa kila mtu alijua anachoweza kula ila Jailos hakuwa tayari kukubali bila kuvutana.

"Ndizi zenye nyanya. Kidogo."

"Bila nyanya."

"Nyanya nusu. Ya rangi tu. Unatuaibisha, watu wataona sufuria nyeupe."

"Karoti."

"Karoti!" Jailos aliwageukia wenzake. "Anataka karoti. Haya. Pilipili je? Iwekwe sahani ya pembeni, usiiguse, ikutazame tu."

"Initazame."

"Kuku?"

"Bila ngozi, wa kuchemsha."

"Ngozi itakwenda kwa Ezron," aliamua Anyitike, na Ezron hakupinga.

Kalinga alikula ndizi na karoti, akaongezewa kidogo, akakataa nyongeza ya pili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ushenga alikataa mbele ya wakwe bila nyumba kuanguka. Kisha alisimama, kwa maelekezo ya daktari. Wenyeji, wasijue kama ni mila ya Kihehe au ya hospitali, wakasimama naye. Jailos alishusha pumzi, akasema kumbe ukisimama hivi hata yeye kifua kinapoa.

Dastan na Tusekile walifunga ndoa baada ya mavuno. Kwenye sherehe, kabla ya keki, Bupe aliingia ukumbini akicheza, sinia kichwani, na juu ya sinia zilikuwepo pembe nne za nyumba, mbili za mpaini na mbili za mparachichi, zimepakwa vanishi. Kalinga alikuwa meza ya mbele na hotpoti yake. Hakuna aliyemwuliza. Yusta, aliyekaa kando yake, alikuwa ameruhusu chumvi.

Jambo hilo halikuishia hapo. Igawilo sasa kuna nyumba ambazo mposaji akija bila viazi visivyo na chumvi huulizwa amekuja kutafuta nini. Kibandani Mlandege, kijana mmoja aliyekuwa anapeleka posa Mbeya alifika hivi karibuni kuomba akatiwe vipande vya mpaini. Kalinga alishika penseli, akamtazama kifuani.

"Una kiungulia?"

"Sina, mzee."

"Basi tukate vinne."